Namba ya Madam Torkwase

Jumamosi ya nne mfululizo, Nguvan alipata namba ya Madam. Sisemi alipata namba iliyo karibu na ya Madam. Alipata hiyo hiyo, mpaka tarakimu ya mwisho. Madam Torkwase aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma kama vile kuna mtu amejificha huko, kisha akairudisha mezani. Yeye mwenyewe alikuwa ameiandika 22.35 kwenye daftari lake jeusi jana yake alasiri, akiwa peke yake maabara, mlango umetiwa komeo na pazia limeshushwa. Leo binti wa watu, miaka kumi na saba, anamletea 22.35.

"Huyu ananiibia," alijisemea. "Sijui anapitia wapi, lakini ananiibia."

Kwa ambaye hakusoma kemia nitaeleza mara moja tu, maana kurudia rudia sipendi. Unapewa bureti, mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, umejaa asidi. Chini yake unaweka chupa yenye magadi yaliyoyeyushwa, umeyatia dawa ya rangi yakawa manjano. Unafungua koki, asidi inadondoka, na manjano ikianza tu kugeuka rangi ya chungwa unafunga, unasoma asidi iliyotumika. Hiyo ndiyo namba. Siku ya mtihani wa kumaliza sekondari mwalimu naye hupima kwa dawa zilezile za shule, na msahihishaji huko aliko hulinganisha namba ya kila mtoto na ya mwalimu wake. Ukiwa karibu nayo unakula alama zote. Ukiwa mbali, pole yako. Basi hapo utaelewa kwa nini watoto wa mji huu wa Gboko wanaweza kumwota mwalimu wao wa kemia kuliko wanavyowaota wapenzi wao.

Mwaka uliotangulia namba ya mwalimu ilivuja. Watoto hamsini na wawili, wote, wakaandika 23.40 kana kwamba wameimbishwa. Baraza la mitihani likazuia matokeo ya shule nzima. Wazazi walifurika getini, mama mmoja akamrushia mlinzi kiatu, na mwalimu wa kemia akahamishwa hata chai ya kumuaga hakunywa. Ndipo akaletwa Madam Torkwase, mwanamke mkavu, mwenye miwani ya kamba shingoni na jicho linaloona vumbi juu ya kabati. Mkuu wa shule, Bwana Iorfa, alimpokea kwa sentensi chache.

"Madam, ikitokea tena tunafutwa kuwa kituo cha mtihani. Ukimshika mwizi niletee jina lake. Moja tu linanitosha. Huyo siku ya mtihani wa vitendo atabaki nje ya geti, na wenzake watashika adabu."

Mtihani wa kemia bila vitendo haupo. Abakiye nje ya geti siku hiyo amepoteza mwaka mzima, na wengine hawarudi tena.

Madam aliyachukua maneno yale akayaweka kifuani. Kila Jumamosi aliwapa watoto wake thelathini na mmoja swali moja la mtihani wa miaka iliyopita, wakalifanya kwa saa kamili kama vile ni siku yenyewe: kila mtu na meza yake, hakuna kunong'ona, hakuna kuazimana kifutio. Mwisho alikusanya karatasi na kuzipanga. Wale thelathini walimpa moyo sana. Huyu 22.20, yule 22.50, mwingine 22.45, mwingine 22.25. Namba zimetawanyika kidogo kidogo kuizunguka ya kwake. Hivyo ndivyo mikono ya binadamu inavyofanya kazi, alijiambia. Hakuna mikono miwili iliyo sawa. Hata binti yake mwenyewe, Sewuese, aliyehamia naye shule hii, alikuwa na 22.50, na mama mtu aliipenda ile tofauti. Ilikuwa namba ya mtu aliyejitolea jasho.

Sasa huyu Nguvan ametoka wapi na hiyo 22.35?

Alitoka Tse-Agule, kijiji cha ndani huko, akahamia Januari. Mama yake alikaanga akara, zile bagia za kunde, pale njia panda ya soko la viazi. Msichana alikuwa kimya, mrefu, sare yake imefupishwa na kurefushwa mpaka pindo halikujua likae wapi. Ijumaa baada ya vipindi alibaki maabara kuosha vyombo, na hakuna aliyemtuma, aliomba mwenyewe. Mwanzoni Madam alimsifu kwa hilo. Sasa alilikumbuka kwa jicho jingine. Mtoto gani anaomba kuosha vyombo?

Sewuese ndiye aliyemfumbua macho. Walikuwa wanakula mchana, viazi vikuu vya kutwanga na mchuzi wa okoho, ule unaovutika mpaka kidevuni.

"Mama, mimi sisemi kitu," alisema Sewuese, na mtu akianza hivyo ujue anacho. "Lakini sisi wote tunapishana na wewe kidogo. Yeye tu ndiye anakupata sawasawa. Kila wiki. Darasani watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema ana jicho refu. Siku za Ijumaa si mnabaki wawili tu humo ndani? Na mkoba wako unauweka wapi?"

Madam aliacha kula. Mkoba wake huuweka juu ya stuli, karibu na sinki.

"Kula bwana, Mama, mchuzi unapoa," alisema Sewuese.

Kuanzia hapo Madam Torkwase hakulala vizuri wala hakufundisha vizuri. Alimhamisha Nguvan akamweka meza ya kwanza, chini ya pua yake. Nguvan akapata namba ya Madam. Alimkataza kuosha vyombo siku ya Ijumaa, akasingizia sabuni imekwisha. Nguvan akapata namba ya Madam. Alikagua kiganja chake, akakagua upande wa ndani wa pindo lililochoka, akakagua hata mkebe wa kalamu. Hakuna kitu. Simu hana, Madam aliuliza, akaambiwa huyo hajawahi kumiliki simu toka azaliwe. Jambo hilo lilipaswa kumtuliza, lakini wapi! Mtu mwenye shaka hata maji ya kunywa huyaona yanamtazama. Asiye na simu, Madam aliwaza, si ndiye mwenye macho makali?

Siku moja uvumilivu ukamwishia, akamwita pembeni.

"Nguvan, niangalie. Unaijuaje namba yangu?"

"Namba yako siijui, Madam. Naijua yangu."

"Unanijibu mimi hivyo?"

"Samahani, Madam." Msichana aliinamisha kichwa. Hakulia, na hilo nalo Madam akalihesabu kuwa ushahidi.

Alikwenda kwa Bwana Iorfa siku ileile. Mkuu hakuuliza maswali mengi. Alimwita karani, barua ikachapwa kwamba mwanafunzi Nguvan Ayila hataruhusiwa kuingia maabara siku ya mtihani wa vitendo, ikagongwa muhuri wa shule, ikabaki kuwekwa tarehe tu.

"Nipe wiki moja, Mkuu," alisema Madam. "Nataka nimshike mkono ukiwa ndani ya mfuko. Nisije nikamwonea mtoto wa mtu."

"Wiki moja. Mtihani uko karibu."

Mtego wenyewe ulikuwa mwepesi, na Madam alijiona mjanja kwelikweli. Ijumaa alipima kwa dawa alizoandaa, akapata 21.60. Akarudia mara mbili, akapata hiyohiyo. Kisha akafungua daftari jeusi na kwa mkono wake mwenyewe, mwanamke ambaye hajawahi kudanganya hata umri wake, akaandika uongo: 24.80. Akaupigia mstari chini, vile anavyopigia siku zote.

Halafu akamwita Nguvan. "Sabuni imepatikana. Njoo uoshe."

Aliuweka mkoba juu ya stuli, zipu wazi, daftari likichungulia. Akatoka akaenda kusimama uani, akanunua maji ya mfuko, akayanyonya polepole akijifanya anaongea na mlinzi habari za mvua iliyochelewa. Ndani alisikia vyombo vikigongana na Nguvan akiimba wimbo wa kwaya kwa chini chini. Alikaa dakika kumi na tano. Aliporudi, zipu ilikuwa palepale. Au ilikuwa imesogea kidogo? Akaiangalia kwa upande, akavaa miwani, akaiangalia tena. Imesogea. Hapana shaka imesogea.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Madam. Bureti ya meza ya sita koki yake inavuja, nimeifunga uzi."

"Nenda nyumbani," alisema Madam, na moyo wake ulikuwa unadunda kwa furaha ya kumkamata mtu.

Nyumbani alitundika mkoba nyuma ya kiti sebuleni, kama kila Ijumaa, akaenda kuoga. Sewuese alikuwa kochini na simu yake, anacheka na watu asiowaona.

Jumamosi ilikuwa ya joto. Watoto walifanya swali lao kwa saa nzima, jasho likiwadondoka kwenye karatasi. Nguvan alimaliza kabla ya wengi, akainua mkono. Madam alimfuata kwa mwendo wa askari, akainyakua karatasi.

21.60.

Hakuelewa. Aliisoma tena. Jambo la kwanza lililomjia, na sitamficha, lilikuwa hasira: huyu mtoto ameushtukia mtego, amejua lile daftari limesema uongo, ni shetani gani huyu? Akaipeleka karatasi mezani kwake, na kwa sababu alihitaji kitu cha kushika akaanza kukusanya za wengine, akizisoma njiani.

24.70. 24.90. 24.60. 24.85. 24.75. 24.95.

Alisimama katikati ya maabara. Alisoma karatasi kumi, akasoma ishirini, akasoma zote. Thelathini. Zimetawanyika vizuri, kidogo kidogo, huyu kapunguza, yule kaongeza, wote wakiuzunguka uongo aliouandika kwa mkono wake. Hawakurudia kosa la wenzao wa mwaka jana. Wale waliiba namba wakaiandika ilivyo. Hawa walijifunza kuiba kwa adabu. Na yeye, Torkwase binti wa Akosu, miaka kumi na tisa kazini, aliutazama ule wizi kila Jumamosi akausifu kuwa ni jasho.

"Mtu asiguse bureti yake," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Nimesema mikono nyuma. Wote."

Akaanza kupita meza kwa meza. Bureti haina haya, jamani. Asidi inasimama pale ulipoiachia. Meza ya pili, asidi imesimama kwenye 22, karatasi inasema 24.70. Meza ya tano, 23 na kidogo, karatasi inasema 24.90, na kwenye chupa rangi imepitiliza mpaka nyekundu kama damu ya kuku. Meza ya tisa mtu alimwaga yote mpaka mwisho, hakujali. Watoto walikuwa wanaangalia sakafu.

Meza ya kumi na nne ilikuwa ya Sewuese. Bureti yake ilikuwa imejaa mpaka alama ya sifuri kule juu. Koki haikufunguliwa hata mara moja. Chini yake chupa ilikuwa manjano safi, na kando, kwa mwandiko ule ambao Madam aliufundisha yeye mwenyewe juu ya meza ya jikoni, iliandikwa 24.75.

"Mama," alinong'ona Sewuese.

"Hapa mimi ni Madam."

"Madam, kila mtu anafanya hivi."

"Nguvan hafanyi."

"Nguvan hana simu!" Lilimtoka kabla hajalizuia, akajiziba mdomo. Darasa zima likashusha pumzi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi: kila Ijumaa jioni daftari likitoka mkobani na kupigwa picha, namba ikitumwa kwenye kundi la darasa, na chini yake maagizo nani apunguze na nani aongeze.

Madam akakaa kwenye stuli. Aliumia, nasema wazi, aliumia mpaka masikio yakavuma. Kisha akageuka kwa Nguvan aliyekuwa bado amesimama na mikono nyuma kama wengine, maana aliambiwa wote.

"Njoo hapa mbele. Nionyeshe unavyofanya."

Msichana alijaza bureti. Akafungua koki, asidi ikashuka kwa kasi, akaipunguza, akaipunguza tena, kisha akainama jicho likawa sawa na kioo. Rangi ilipoanza kusitasita alifunga. Tone moja likabaki linaning'inia kwenye ncha, halijaamua kudondoka. Nguvan hakulisubiri. Alisogeza shingo ya chupa ikaligusa, akalishusha kwa maji kidogo ya kusuuzia, nusu ya tone tu. Manjano ikageuka chungwa, ikatulia.

21.60.

"Nani alikufundisha nusu tone?"

"Tse-Agule tulikuwa na bureti moja, Madam. Shule nzima. Kila mtu zamu moja kwa muhula. Ukipitisha rangi umekosa, unakaa chini, unangoja muhula mwingine." Akafikiri kidogo. "Mimi nilikosa mara mbili."

Mmoja wa wavulana wa nyuma alitaka kucheka, akaona uso wa Madam, akakimeza kicheko chake.

"Nguvan," alisema Madam, mbele ya wote, "mimi nilikudhania mwizi."

"Nilijua, Madam. Ulinihamisha meza."

Bwana Iorfa alikuwa ofisini, feni inazunguka, anakula karanga za kuchemsha. Barua ya Nguvan ilikuwa juu ya faili. Alimsikiliza Madam mpaka mwisho, maganda yakiongezeka kwenye kisahani.

"Thelathini siwezi kuwafungia geti," alisema. "Nikifanya hivyo nitabaki na mtahiniwa mmoja, na baraza litanifuata mpaka kwangu. Wewe una wiki tatu, wafundishe upya, hilo daftari lichome moto, mambo yaishe. Barua ya yule msichana ishagongwa muhuri. Iache iende. Wenzake wataogopa, ndicho tulichotaka."

"Hajafanya kitu, Mkuu."

"Mama yake anauza akara, Madam. Nani atakuja hapa kuuliza?"

Madam Torkwase aliichukua ile barua, akaichana mara mbili, akaiweka kwenye kisahani cha maganda. "Ulisema jina moja la mwizi linakutosha. Mwite karani. Aliyelitoa daftari mkobani, akapiga picha, akatuma, yuko mmoja."

Mkuu aliacha kutafuna. Alielewa, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma. "Madam, subiri. Huyo ni mwanao. Si ulituambia anakwenda kusomea ufamasia? Kanisani mmeshamwombea. Mwaka mzima nyumbani, mtoto wa mwalimu wa kemia, kwa kufungiwa mtihani wa kemia? Gboko yote itakucheka."

"Itacheka."

"Labda tuandike tu onyo..."

"Kwa binti wa akara uliandika onyo?"

Bwana Iorfa alimwita karani. Karani aliingia, akakaa kwenye mashine, akauliza jina aandike la nani. Mkuu akaangalia dirishani.

"Sewuese," alisema Madam. "Sewuese Torkwase Akosu." Karani alisita, akauliza linaandikwaje. Madam akalitaja herufi moja moja, na herufi ya mwisho akaitaja mara mbili.

Aliporudi maabara waliinuka wote. Hakuna aliyekuwa ameondoka. Sewuese alikuwa nje, ameegemea ukuta karibu na mlango, macho yamevimba. Alimwona mama yake mkononi ana karatasi yenye muhuri mbichi, akajua.

"Nilikuwa nakusaidia na wewe," alisema huku analia. "Tungefeli wangekuhamisha kama yule mwingine. Nani angetulisha? Umeshawahi kufikiria hilo?"

Pengine neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na hilo lilimuuma Madam kuliko lote. Aliingia ndani, akalitoa daftari jeusi, akalitupa ndani ya sinki, akalifungulia bomba mpaka wino ukaanza kutoka.

"Swali lilelile, lakini kwa asidi nyingine ambayo sijaipima," aliwaambia. "Safari hii namba yangu haipo popote, hata kichwani sina. Nguvan, zunguka uwaonyeshe nusu tone. Mtu akikudharau niite."

Watoto walianza kujaza bureti. Meza ya kumi na nne haikuwa na mtu. Madam akaenda mlangoni.

"Na wewe ingia," alimwambia binti yake.

"Niingie kufanya nini? Si umeshaniandika."

"Nimekuandika mwaka huu. Ingia ujifunze wa mwakani."

Sewuese alijifuta pua kwa kiganja, akaenda mezani kwake, akafungua koki kwa mara ya kwanza tangu Januari. Hakujua kuipunguza. Asidi ilimwagika kwa fujo, manjano ikapita chungwa bila kusimama, ikawa nyekundu. Akamtazama mama yake.

"Mwaga," alisema Madam Torkwase. "Anza upya."